Mdogo wangu anatibiwa saratani na nguvu zimemwisha: je, tumpe dawa ya Kichina?

Jambo sana Mama Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba, kwa ajili ya mdogo wangu wa tumbo moja, mwenye umri wa miaka 43 na mama wa watoto wanne. Mwaka jana alikutwa na saratani ya titi, akapasuliwa, na sasa anapewa shimio, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, katika hospitali moja ya hapa mjini kila baada ya majuma matatu. Upasuaji aliuvumilia vizuri kuliko tulivyotarajia. Kinachotushinda ni uchovu. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, na leo akitoka kitandani hadi uani anakaa chini kama mtu aliyelima tangu asubuhi. Analala usiku, analala mchana, na akiamka anasema mwili haujapumzika hata kidogo.

Nyumbani maneno yamekuwa mengi. Mama mkwe wake anasema amezoea kuhudumiwa, na jamaa wengine wananong'ona kwamba ametumiwa kitu. Tulipomweleza muuguzi, alijibu kwamba shimio huchosha kila mtu, basi tumwache apumzike. Tumemwacha apumzike, lakini uchovu unazidi.

Shemeji yangu, yaani mume wake, anafanya kazi katika kampuni moja ya madini upande wa Kolwezi, ambako viongozi wake ni Wachina. Mkalimani wa pale kazini alimsimulia kwamba mama yake mzazi, alipotibiwa saratani huko kwao, alipewa mitishamba ya kunywa na nguvu zikamrudia polepole. Shemeji aliposikia hayo alikwenda kwa muuzaji mmoja hapa Lubumbashi, akarudi na boksi la vifuko vya unga wa kahawia na chupa ya mizizi mikavu, maandishi yote yakiwa ya Kichina. Alilipa dola 80 kwa dawa ya mwezi mmoja. Muuzaji alimwambia kwamba nguvu zitarudi baada ya siku tatu tu, na kwamba ingefaa mgonjwa aruke shimio mbili zinazofuata, kwa sababu dawa hizo mbili hupigana mwilini.

Mdogo wangu bado hajafungua hata kifuko kimoja. Anaogopa, na mimi pia ninaogopa, lakini shemeji anaona tunadharau jasho lake. Kumwuliza daktari nako kunatupa hofu, kwa maana ni mtu mkali, na mgonjwa mwingine tunayemfahamu aligombezwa mbele ya watu kwa sababu ya dawa za kienyeji. Je, ni kweli Wachina wana dawa ya uchovu huu? Tumpe au tusimpe? Na kama tusimpe, tumfanyie nini?

Yaya wa mgonjwa, Lubumbashi

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Umefanya vema kuandika kabla kifuko cha kwanza hakijafunguliwa. Nianze na jambo lisiloweza kungoja: mdogo wako asiruke shimio hata moja kwa agizo la muuzaji. Nafasi ya majuma matatu kati ya dozi moja na nyingine imepangwa ili chembe nzima za mwili, hasa zile za damu, zipate muda wa kujijenga upya bila kuipa saratani muda mrefu wa kukua tena. Mwenye haki ya kuahirisha dozi ni daktari aliyeangalia vipimo vya damu, na hata yeye huahirisha kwa sababu anayoweza kuieleza. Tena anayesema kwamba mitishamba ya Kichina hudai shimio iachwe hasemi kwa niaba ya Wachina, kwa kuwa katika hospitali za saratani za China mgonjwa hupewa mitishamba pamoja na shimio, chini ya madaktari wanaojua kila kinachoingia mwilini mwake. Simulizi la mkalimani kuhusu mama yake ninaweza kuliamini bila shida. Agizo la muuzaji ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu uchovu wenyewe, ninawaomba wote wa nyumba hiyo waelewe kwamba si uvivu wala mazoea. Uchovu wa saratani ni miongoni mwa dalili zinazowapata wagonjwa wengi zaidi, na alama yake kubwa ni hiyo uliyoieleza bila kuambiwa na mtu: kulala hakuuondoi. Humpata mtu bila uwiano na kazi aliyoifanya, huingia katika mawazo kiasi cha kumfanya asahau maneno au ashindwe kufuata mazungumzo, na kwa baadhi ya watu hubaki miezi mingi baada ya matibabu kwisha. Mama mkwe hawezi kuyaona hayo kwa macho, na ndiyo maana inafaa aelezwe, tena na mtu anayemheshimu.

Jibu la muuguzi limenisikitisha. Si la uongo, kwa maana shimio huchosha kweli, ila lilifunga mlango ambao ulipaswa kufunguliwa. Uchovu wa mgonjwa wa saratani mara nyingi huwa na sababu kadhaa zilizokaa pamoja, na baadhi ya sababu hizo hutibika. Ya kwanza kutafutwa ni upungufu wa damu. Shimio hupunguza utengenezaji wa damu katika uboho, na mwanamke anayepata hedhi nzito, anayekula kidogo kwa sababu ya kichefuchefu na anayeishi katika mji wenye malaria kama wetu ana njia nyingine tatu za kuipoteza. Kwa mwanamke asiye na mimba, hemoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa ni upungufu, na ikishuka sana, hakuna mzizi wa nchi yoyote utakaomsimamisha kabla damu haijarekebishwa. Kwa hiyo ombi lenu la kwanza kwa daktari liwe kipimo kamili cha damu, pamoja na kipimo cha malaria.

Zaidi ya damu kuna maumivu yanayokatiza usingizi, kuharisha na kutapika kunakoondoa maji na chumvi za mwili, sukari isiyodhibitiwa, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, na dawa zenyewe, kwa sababu baadhi ya dawa za maumivu na za kichefuchefu humfanya mtu asinzie. Kuna pia moyo: baadhi ya dawa za shimio zinazotumika sana kwa saratani ya titi, kama doksorubisini, zinaweza kuudhoofisha, kwa hiyo akipungukiwa pumzi anapolala chali au akivimba miguu, hilo lisemwe siku hiyo hiyo. Na kuna huzuni. Mwanamke aliyepoteza titi, biashara na nafasi yake jikoni kwa mwaka mmoja anaweza kuwa na sonona inayofanana na uchovu, au vyote viwili kwa pamoja. Mwulizeni kwa upole kama bado kuna jambo linalomfurahisha, kisha msikilize jibu lake mpaka mwisho.

Sasa nije kwa dawa ya Kichina, ambayo sitaki kuizungumzia kwa dharau. Dawa za malaria tunazomeza leo zenye artemisinini zilitokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale, na mwanasayansi Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Sisi wenyewe Wakongomani hatuna haja ya kufundishwa kwamba magome ya miti yana dawa, kwa maana kwinini imetengenezwa Bukavu kwa miaka mingi kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa Kivu. Lakini angalia kilichotokea kati ya gome na kidonge: kiini cha dawa kilitambuliwa, kikapimwa, kipimo chake kwa mgonjwa kikajulikana, na madhara yake yakaandikwa. Hatua hizo ndizo ninazozitafuta katika boksi la shemeji yako, na sizioni.

Katika mafundisho ya tiba ya Kichina, uchovu wa namna hii huelezwa kuwa ni upungufu wa qi, nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Tabibu Li Dongyuan, aliyeishi kati ya 1180 na 1251, aliacha mchanganyiko uitwao Buzhong Yiqi Tang, wenye mitishamba minane ikiwemo jinsengi, huangqi na danggui, ambao bado hutumika China, Japani na Korea kwa watu waliodhoofika. Lakini tabibu wa kweli wa mila hiyo humwona mgonjwa, hugusa mapigo ya mkono wake, hutazama ulimi wake, huuliza kuhusu usingizi, choo na hamu ya kula, kisha huandika mchanganyiko kwa ajili ya mtu huyo, na huubadilisha akibadilika. Muuzaji wenu hakumwona mdogo wako. Aliuza boksi moja linalodaiwa kumfaa kila aliyechoka, na kwa hiyo hata ukiipima biashara yake kwa kipimo cha Wachina wenyewe, imepungua.

Uliuliza kama kuna ukweli wowote. Upo, lakini ni mdogo kuliko unavyouzwa. Majaribio mengi ya mitishamba kwa uchovu wa saratani yamefanyika China na nchi jirani, na mengi huripoti matokeo mazuri. Tatizo ni kwamba mengi yao yalikuwa madogo na ya muda mfupi, na mara nyingi wagonjwa waliokunywa dawa walijua kwamba wanakunywa dawa, ilhali wenzao hawakupewa kitu chochote. Uchovu hupimwa kwa kumwuliza mgonjwa anajisikiaje, na mtu anayetumaini hujibu kwa matumaini. Ndiyo maana majaribio yenye uzito ni yale ambayo nusu ya wagonjwa hupewa kidonge kisicho na dawa bila wao wala waganga wao kujua.

Jaribio la namna hiyo linalojulikana zaidi lilichapishwa Marekani mwaka 2013 na lilihusu wagonjwa 364. Walipewa miligramu 2000 kwa siku za unga wa jinsengi ya Kimarekani, mzizi ambao nao umo katika tiba ya Kichina kwa jina la xiyangshen, kwa majuma manane. Baada ya majuma manne, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutegemewa. Baada ya majuma manane, waliotumia jinsengi walikuwa na uchovu mdogo zaidi, hasa wale waliokuwa bado katika matibabu. Jaribio jingine, lililofanyika Houston na kuchapishwa mwaka 2017, lilitumia jinsengi ya Kiasia, miligramu 800 kwa siku kwa takriban mwezi mmoja, na halikuonyesha tofauti na kidonge kitupu. Kwa hiyo mwongozo wa mwaka 2024 wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani unasema kwamba jinsengi ya Kimarekani inaweza kupendekezwa kwa mgonjwa aliye katika matibabu, ila unaipa uzito mdogo kuliko mazoezi ya mwili. Huangqi nayo imetafitiwa Taiwan, lakini kwa umbo la dondoo (kiini kilichotolewa katika mmea) lililosafishwa, ambalo hudungwa kwenye mshipa kwa cheti cha daktari, na matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwenye unga wa boksini.

Weka sasa matokeo hayo kando ya ahadi ya muuzaji. Mzizi uliosomwa vizuri zaidi ulihitaji majuma manane, na yeye anaahidi siku tatu. Dada yangu, ahadi hiyo ndiyo inayonitisha kuliko jambo lolote katika barua yako, kwa sababu zipo dawa zinazoweza kumwinua mgonjwa kitandani kwa siku chache na kumrudishia hamu ya kula, nazo ni za jamii ya deksamethasoni, kile kidonge ambacho wanawake wengi wa miji yetu wanakijua kwa kunenepesha. Imewahi kugunduliwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, ikiwa imefichwa ndani ya dawa zilizouzwa kama mitishamba mitupu. Madaktari wa saratani huitumia wenyewe, kwa kipimo na kwa muda maalumu, na huenda mdogo wako hupewa siku ya shimio. Akiinywa bila kujua kila siku, itapandisha sukari, itadhoofisha kinga ambayo shimio tayari imeidhoofisha, itaficha homa inayopaswa kutuonya, na akiiacha ghafla baada ya majuma kadhaa anaweza kuanguka vibaya. Sidai kwamba imo katika boksi lenu. Ninasema kwamba hakuna aliye Lubumbashi, pamoja na muuzaji, anayeweza kukuapia kwamba haimo.

Mambo ya namna hii yametokea hata mahali penye maabara na sheria kali. Marekani kulikuwa na dawa iliyoitwa PC-SPES, mchanganyiko wa mitishamba minane, mingi yake ya Kichina, uliotumiwa na wanaume wenye saratani ya tezi dume. Ilionekana kuwasaidia wengi, mpaka mwaka 2002 ilipoondolewa sokoni baada ya vipimo kuonyesha ndani yake dawa za viwandani, ikiwemo warfarini ya kuyeyusha damu na homoni ya kike iliyotengenezwa maabara. Na Brussels, mji wenye ndugu zetu wengi, zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene, ambamo mtishamba mmoja wa Kichina ulikuwa umechukuliwa kimakosa mahali pa mwingine wenye jina linalokaribiana. Ule uliowekwa kwa makosa ulikuwa na asidi ya aristolokia, ambayo baadaye ilithibitika kusababisha pia saratani ya njia ya mkojo. Wanawake wale hawakuuziwa sokoni. Walipewa kliniki.

Hata mtishamba ukiwa halisi, bado kuna maswali kwa mtu aliye katika shimio. Jinsengi huweza kumnyima mtu usingizi, kushusha sukari ya anayetumia dawa za kisukari na kuvuruga warfarini. Danggui huongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika michanganyiko mingi ya Kichina, ukitumiwa sana hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu, na upungufu wa potasiamu nao huleta udhaifu wa misuli, yaani mtu anakunywa dawa ya uchovu inayomchosha. Dawa nyingi za shimio huvunjwavunjwa katika ini kwa njia zile zile zinazotumika kuvunja mitishamba, na njia hizo zikibanwa au zikiharakishwa, dozi aliyoihesabu daktari inakuwa si ile tena. Isitoshe, saratani nyingi za titi hulishwa na homoni ya kike, na baadhi ya madondoo ya mizizi yana tabia inayokaribia homoni hiyo. Waliofanya jaribio la 2013 walichagua kwa makusudi unga mtupu wa mzizi, badala ya dondoo la pombe, kwa sababu ya wasiwasi huo. Mizizi iliyotiwa katika pombe, kama inavyouzwa mara nyingi, mdogo wako asiiguse.

Basi jibu langu ni kwamba msimpe unga huo wala mizizi hiyo, lakini pia msivitupe. Shemeji achukue picha za pande zote za boksi na chupa, ampelekee yule mkalimani, na amwombe aandike kwa herufi zetu kila jina la mtishamba, uzito wake, jina la kiwanda na tarehe. Dawa iliyosajiliwa China huwa na namba ya idhini inayotanguliwa na maneno Guoyao Zhunzi. Kama haipo, mmejua jambo kubwa, na kama ipo, bado ni daktari atakayeamua. Kazi hiyo itampa shemeji nafasi ya heshima katika jambo hili, badala ya kumfanya aonekane mtu aliyepoteza dola 80. Alitumia fedha hizo kwa mapenzi, na ninamheshimu kwa hilo.

Kuhusu ukali wa daktari, usiruhusu hofu ya kugombezwa iwe kubwa kuliko hofu ya dawa mbili zisizojuana. Nenda naye siku ya miadi, uingie pamoja naye, na useme mapema kabla hajaanza kuandika: «Docta, mdogo wangu amechoka kiasi cha kushindwa kufika uani, na tunaomba utafute sababu. Tumeletewa dawa hizi, hajazinywa, na tumekuja kukuuliza kwanza.» Mwenye kuuliza kabla ya kunywa hana kosa la kugombezwa. Akiwaka hata hivyo, vumilieni na mrudie ombi la kipimo cha damu. Na ninyi madaktari mnaosoma ukurasa huu, mjue kwamba kila mgonjwa mnayemwaibisha mbele ya wenzake huwafundisha kumi kuficha.

Umeuliza mumfanyie nini. Kilichothibitika kuliko mzizi wowote kitawashangaza wale wa nyumbani, nacho ni kutembea. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 113 yenye wagonjwa zaidi ya 11,000, na wakaona kwamba mazoezi ya mwili na msaada wa kisaikolojia hupunguza uchovu wa saratani kuliko dawa zilizojaribiwa kwa ajili hiyo. Kulala kutwa nzima hudhoofisha misuli, na misuli dhaifu huchoka upesi zaidi, ndiyo maana pumziko mlilompa limegeuka kumfunga. Aanze na dakika tano au kumi, asubuhi kabla ya jua kali, kutoka mlangoni hadi mwisho wa avenyu na kurudi, akiwa na mtu kando yake, na aongeze kidogo kidogo. Lengo linalopendekezwa na wataalamu ni dakika 30, mara tatu kwa juma, lakini hata asipofika huko, kila hatua ina faida. Asifanye hivyo siku yenye homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua, wala kabla hemoglobini yake haijajulikana, na kama ana maumivu ya mifupa, daktari aulizwe kwanza.

Kama shemeji bado anataka kitu cha Kichina, basi kipo, na hakina bei. Mwongozo ule ule wa 2024 unapendekeza taijiquan na qigong, mazoezi ya polepole ya viungo na pumzi ambayo Wachina huyafanya alfajiri katika bustani zao. Mkalimani, au mfanyakazi mwenzake yeyote mwenye umri, anaweza kumwonyesha miendo michache ya kuanzia. Hilo ningelipokea kwa mikono miwili.

Usingizi wa mchana uwe mfupi, usiozidi saa moja, ili usiku usiibiwe. Kazi za nyumbani asinyang'anywe zote: achague mbili anazozipenda, azifanye saa ile anapojisikia afadhali, ameketi, na nyingine ziende kwa watoto wakubwa na mawifi. Fedha za mwezi wa pili wa boksi zigeuzwe mayai, maharage, karanga, fretini na lenga-lenga, na ale kidogo mara nyingi, kwa sababu sahani kubwa ya bukari humkatisha tamaa mtu mwenye kichefuchefu. Wanaotaka kumwombea wamwombee, ila wasimwambie kwamba uchovu wake ni wa kutumiwa, maana maneno hayo yatamwongezea mzigo wa kumtafuta adui ndani ya nyumba yake.

Jambo la mwisho liandikeni kwenye karatasi na kulibandika mahali wote watakapoliona. Mtu aliye katika shimio akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na anawaambia wanaompokea kwamba yuko katika shimio na tarehe ya dozi yake ya mwisho. Msimpe dawa ya malaria mkangoja kesho. Malaria itapimwa huko huko, lakini chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, maambukizi ya bakteria yanaweza kumwua kwa saa chache, na uchovu unaoongezeka ghafla unaweza kuwa dalili yake ya kwanza. Nunueni kipimajoto leo, na baada ya miadi uniandikie hemoglobini imekutwa kiasi gani.

Mama Mshauri